Mfanyakazi analeta ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) kila karibu na mshahara: naruhusiwa kumfukuza?

*"Nina kiwanda kidogo cha mikate Morogoro, wafanyakazi 19. Muokaji mmoja wa zamu ya usiku, ana miaka miwili na ushee kazini, tangu Januari mpaka mwisho wa Mei ameleta ED saba, jumla siku 15. Nne zilianzia Jumatatu, na tatu ziliangukia wiki ya mshahara. Karibu zote zimetoka zahanati moja. Wiki iliyopita aliandikiwa siku tatu kwa maumivu ya mgongo. Siku ya pili mwenzake akanionyesha picha kwenye stetasi ya WhatsApp, jamaa yuko kwenye sendofu, amependeza, anacheza. Wenzake wamechoka kubeba zamu zake. Nimesikia sheria inaruhusu siku 14 tu za kuumwa kwa mwaka, kwa hiyo ameshazidisha. Naweza kumwachisha kazi mwezi huu na kumkata hizo siku? Na nikienda pale zahanati kuuliza anaumwa nini hasa, nitakuwa nimekosea?"*

Mkate hausubiri. Muokaji asipotokea saa mbili usiku, asubuhi maduka yanapiga simu, na aliyekuwa amelala nyumbani anaamshwa kuja kuziba pengo. Hasira yako na ya wenzake ina sababu. Lakini kwa ushahidi ulio nao leo, ukimfukuza utashindwa kesi, ukimkata mshahara utakuwa umeongeza kosa la pili, na zahanati unaweza kwenda ila si kwa swali hilo ulilolitaja.

Tuanze na hizo siku 14, maana zinazunguka sana mitandaoni. Hizo ni za Kenya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12. Wapo waajiri wa kwetu wanaopakua mikataba iliyoandikwa Nairobi, wakabadilisha jina la kampuni na kuacha vifungu vilevile. Tanzania Bara tunafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kifungu cha 32 kinatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mzunguko unaanza siku aliyoajiriwa, si Januari. Kwa hiyo fungua faili lake ujumlishe siku zote za ugonjwa tangu alipoingia. Kama kabla ya mwaka huu alikuwa na siku 10, basi ametumia 25, na bado yumo ndani ya zile za mshahara kamili. (Zanzibar wana sheria yao, na watumishi wa umma wana taratibu zao. Halafu mwenye chini ya miezi sita kazini kwa kawaida bado hajafikia haki ya likizo ya malipo, ila huyu wako amevuka.)

Hata hivyo, kuwa ndani ya siku 126 hakumpi mtu ruhusa ya kudanganya. Idadi ya siku ni jambo moja, ukweli wa siku hizo ni jambo jingine. Waajiri wengi huchanganya haya mawili: wanamshitaki mtu kwa "kuumwa mara kwa mara", ambalo si kosa la nidhamu, wakati walichotaka kusema ni kwamba hakuwa mgonjwa.

Kwa maelezo yako, kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea, na kila moja lina njia yake. La kwanza, karatasi ni ya kughushi: haikutoka zahanati hiyo, au imetoka lakini imechezewa. La pili, karatasi ni halali ila imepatikana kwa maelezo ya uongo, au aliutumia muda wa kupumzika kwa jambo linalopingana na ugonjwa aliousema. La tatu, kijana anaumwa kweli, na ugonjwa unajirudia. Usiandike barua yoyote kabla hujajua uko kwenye lipi. Ukimwita mwizi mtu ambaye uti wa mgongo umemharibikia kwa kubeba mifuko ya ngano ya kilo 50 kwenye kiwanda chako mwenyewe, umebadilisha kesi: sasa mlalamikaji ni yeye.

Chukua karatasi zote saba uzitandaze mezani. Kwenye daftari chora safu hizi: tarehe ya ED, siku alizopewa, siku ya juma iliyoanzia, zamu aliyopangiwa, jina la kituo, jina la aliyesaini, namba ya karatasi kama ipo, na tarehe uliyoipokea wewe. Kisha soma kwa kushuka chini. Tazama kama tarakimu ya siku imeongezwa, 1 ikageuzwa 4, au 2 ikawekewa 1 mbele. Tazama kama wino wa siku unatofautiana na wino wa jina, na kama tarehe ya muhuri inalingana na ya maandishi. Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni namba za karatasi. Zahanati yenye wagonjwa kila siku inamaliza kurasa haraka, kwa hiyo ED ya Februari na ya Mei haziwezi kufuatana namba kama zinatoka kwenye kitabu kinachotumika kihalali. Zikifuatana, huenda kuna kitabu kiko nyumbani kwa mtu. Na kama umekuwa ukipokea picha za simu badala ya karatasi halisi, acha kuanzia leo, kwa sababu kwenye picha huwezi kuona karibu lolote kati ya haya.

Kuhusu Jumatatu, kuwa mwangalifu na hesabu. Kiwanda kinachofanya kazi siku sita kwa juma, Jumatatu na Jumamosi peke yake ni theluthi moja ya siku zote. Mtu yeyote anayeumwa bila mpangilio, theluthi ya vipindi vyake vya ugonjwa itaanzia siku hizo mbili. Nne kati ya saba kuanzia Jumatatu ni nyingi kuliko inavyotarajiwa, inatosha kuuliza maswali, ila haithibitishi kitu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa wafanyakazi wote 19 kabla hujamkazia macho mmoja. Huenda ukagundua kwamba wako watatu wenye mtindo huo, na kwamba wote wanatoka kwenye zamu ileile.

Sasa zahanati. ED ni maoni ya mtaalamu wa afya kwamba mtu huyu hafai kwa kazi yake kwa siku kadhaa. Sheria inataka itolewe na daktari aliyesajiliwa, au mtoa huduma mwingine uliyemkubali wewe mwajiri, na huruhusiwi kumkataa bila sababu ya maana. Duka la dawa haliandiki ED. Jina la aliyesaini unaweza kulihakiki kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukienda kituoni, nenda na barua yenye nembo ya kiwanda na nakala ya ED, siyo ile halisi, na uliza mambo haya tu: je, karatasi hii imetolewa na kituo chenu? Kwa mtu huyu? Tarehe hii? Kwa siku hizi? Na aliyesaini ni mtumishi wenu? Omba jibu kwa maandishi, lenye saini na muhuri. Usiulize ugonjwa. Habari za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, daktari anabanwa na siri ya mgonjwa wake, na kwa kweli jina la ugonjwa halikusaidii kitu. Unachotaka kujua ni kama karatasi ni ya kweli. Njia safi zaidi ni kumwomba mfanyakazi asaini ridhaa ya uhakiki. Akikataa, kukataa kwake peke yake hakumtii hatiani, ila maswali yale matano bado unaweza kuyapeleka kituoni.

Iko hali nyingine ambayo waajiri hawaipendi: zahanati inajibu "ndiyo, ni yetu", na wewe bado unaamini ED zinauzwa pale kama karanga. Usimwadhibu mfanyakazi kwa tabia ya kituo. Unachoweza kufanya ni kumwambia, kwa barua, kwamba kwa vipindi vijavyo vya kujirudia utamgharamia uchunguzi kwa daktari mwingine, labda hospitali ya mkoa au daktari wa afya kazini. Gharama ni yako na muda ni wa kazi. Daktari huyo ulizwe jambo moja: anaweza kufanya kazi ya kuoka usiku au hawezi, na kama hawezi, kwa muda gani na kwa masharti gani. Usijaribu kuingiza kipimo cha VVU humo. Kumlazimisha mtu kupima ni kosa chini ya sheria ya UKIMWI ya 2008.

Tuje kwenye picha ya sendofu. Picha ya stetasi inaonyesha siku iliyowekwa, haionyeshi siku iliyopigwa. Watu hurusha picha za mwezi jana. Tafuta tarehe ya sherehe yenyewe, kadi ya mwaliko ipo, na mtu aliyekuwepo ukumbini aliye tayari kusema hivyo mbele yake. Ukishathibitisha kwamba ni siku ileile, jiulize swali gumu zaidi: alichokuwa akifanya kinapingana na ugonjwa aliouandikiwa? ED haimfungi mtu kitandani. Aliyeandikiwa kupumzika kwa msongo wa mawazo anaweza kukaa harusini bila kosa lolote, na pengine daktari mwenyewe angemshauri hivyo. Mwenye mgongo usiomruhusu kuinua trei za mikate anaweza kukaa kwenye kiti cha ukumbi. Kucheza saa mbili mfululizo kwa mgongo huohuo ni hadithi nyingine, ila hata hapo mpe nafasi aeleze, kwa sababu wapo wanaomeza dawa za maumivu ili wasimkose dada yao siku moja.

Kwa hiyo kabla ya barua yoyote ya kujieleza, kaa naye dakika kumi au kumi na tano, siku anayorudi, mkiwa na mtu wa tatu anayeandika. Mwambie umeona vipindi saba kwa miezi mitano. Mwuulize kama kuna kitu kazini kinachochangia, kama anahitaji kubadilishiwa zamu, na kama ED hizi zina uhusiano mmoja. Kisha nyamaza usikilize. Mazungumzo haya yafanye na kila mfanyakazi anayerudi kutoka kwenye ugonjwa, hata aliyekosa siku moja. Anayedanganya huona uzito wa kurudia uongo uleule uso kwa uso mara ya tatu, na anayeumwa kweli huona kwamba kuna mtu anajali. Kati ya hatua zote nilizotaja, hii ndiyo ya bei ndogo, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Sikiliza hasa mambo mawili kwa muokaji. La kwanza ni mgongo: anainua nini, mara ngapi, kwa urefu gani. La pili ni kifua. Vumbi la unga husababisha pumu inayojulikana kabisa kwa waokaji, na alama yake ni kwamba mtu anakohoa na kubanwa akiwa zamu, anapata nafuu siku za mapumziko, halafu anazidiwa akirudi. Mtu wa namna hiyo atakuwa na Jumatatu mbaya nyingi bila hila yoyote. Ikibainika kwamba kazi ndiyo imemuumiza, taarifa inapaswa kwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, bila kuchelewa. Na kama daktari ameandika kwamba hafai kwa kazi ya usiku, sheria inakutaka umhamishie mchana isipokuwa haiwezekani kabisa.

Ukijikuta kwenye jambo la tatu, yaani anaumwa kweli, sahau nidhamu. Hilo linaitwa kutoweza kazi kwa sababu ya ugonjwa, na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka uangalie chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama unaweza kumpa kazi nyepesi au kumrekebishia iliyopo. Kumaliza siku 126 hakumfukuzishi mtu kazi kwenyewe. Ni mwanzo wa mazungumzo hayo na daktari akiwepo.

Ukijikuta kwenye la kwanza, yaani zahanati imeandika kwamba karatasi si yao, hapo una kesi, na nzito. Udanganyifu mkubwa ni miongoni mwa makosa ambayo Kanuni hizo zinayataja kuwa yanaweza kuhalalisha kuachishwa kazi hata kwa kosa la kwanza. Lakini sababu nzuri yenye utaratibu mbovu bado inakupeleka pabaya, kwa sababu sheria inataka vyote viwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Hutakiwi kuthibitisha pasipo shaka kama kwenye jinai. Inatosha kwamba ushahidi wako unaelemea zaidi upande wa kutendeka kwa kosa.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Maliza uchunguzi kwanza. Ukiona uwepo wake utaharibu ushahidi, unaweza kumsimamisha, kwa mshahara kamili. Mwandikie barua ya mashitaka kwa lugha anayoielewa, ukitaja kila ED kwa tarehe na kosa lake: "kuwasilisha ED ya tarehe fulani ambayo kituo kimekana kuitoa". Usiandike "utovu wa nidhamu" ukaishia hapo. Mpe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida hautakiwi kupungua saa 48, na umwambie anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na jambo hilo. Hapa ndipo biashara ndogo huanguka: mwenye kiwanda ndiye aliyeona picha, ndiye aliyekwenda zahanati, na ndiye anayekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Wewe uwe upande wa ushahidi, na mtafute mtu mwingine aongoze kikao, hata akitoka nje ya kiwanda. Mfanyakazi aone barua ya zahanati, aulize mashahidi maswali, ajitetee, na akikutwa na hatia asikilizwe tena kuhusu adhabu. Uamuzi utolewe kwa maandishi, wenye sababu na haki ya kukata rufaa. Na kumbuka waliotangulia: kama mwaka jana mwingine alifanya kosa hilihili ukampa onyo tu, utaulizwa kwa nini huyu anafukuzwa.

Jambo la pili, ED halali iliyotumika vibaya, mara nyingi ndilo huishia kwenye onyo la maandishi, na kwa maoni yangu hapo ndipo linapostahili kuishia kwa mara ya kwanza, isipokuwa umemkuta anafanya kazi ya malipo kwa mwajiri mwingine akiwa kwenye ED yako.

Kuhusu kumkata: siku ambayo hakuleta ED yoyote, huna wajibu wa kuilipa, na hilo sheria inalisema wazi. Siku alizoleta ED, ukaipokea na ukamlipa, huwezi kuzichomoa kwenye mshahara wa mwezi ujao kwa sababu umebadili mawazo. Makato yanahitaji msingi wa kisheria au ridhaa yake ya maandishi. Ikithibitika kikaoni kwamba karatasi ilikuwa ya kughushi, jadilini marejesho kwa maandishi. Polisi nao ni njia iliyo wazi, kwa kuwa kughushi ni kosa la jinai, lakini usiitumie kama fimbo ya kumlazimisha ajiuzulu. Kujiuzulu kwa vitisho huhesabika kama kufukuzwa.

Wakati haya yakiendelea, andika sera ya ukurasa mmoja, maana nadhani huna. Iseme anayeumwa ampigie nani, kabla ya saa ngapi (kwa zamu ya saa mbili usiku, saa kumi jioni ni muda wa haki), kwamba yeye mwenyewe ndiye anapiga kama anaweza kuongea, na kwamba ED halisi iletwe siku ya kurudi. Kila mtu aisaini. Fikiria pia kuruhusu siku mbili au tatu kwa mwaka bila ED. Inasikika kama kulegeza, lakini kumlazimisha mwenye mafua ya siku moja atafute karatasi ndiko kunakomfundisha njia ya kwenda kwenye zahanati inayoandika siku tatu. Posho ya mahudhurio sikushauri kwenye kiwanda cha chakula. Ukimlipa mtu kwa kutokosa, ataukanda unga akiwa anaharisha, na hasara ya hapo haipimwi kwa siku tatu za ED. Angalia vilevile kama watu wa usiku wanapata kweli siku zao 28 za likizo ya mwaka. Pasipo na likizo, ED huwa ndiyo likizo.

Tafuta mwanasheria wa kazi, afisa kazi wa mkoa, au Chama cha Waajiri Tanzania kama wewe ni mwanachama, kabla ya kutoa barua ya kuachisha kazi, na usingoje hata hapo kama mfanyakazi ni mjamzito, ana ulemavu, ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au anadai kazi ndiyo imemuumiza. Akishaachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Ukiletewa fomu ya CMA usiiweke kwenye droo. Nenda siku ya usuluhishi ukiwa na lile daftari, ED halisi, barua ya zahanati, na kumbukumbu za kikao zilizosainiwa.